Suti ya Obedi

Jamani, kama Jumamosi hamkuwepo ukumbini Kiseke, poleni sana. Mimi nilikuwepo, nimeona kwa macho yangu mawili, na tangu siku hiyo nikiukumbuka uso wa Shangazi Sabina nacheka peke yangu kama kichaa. Nimeshawasimulia wenzangu wote wa chuo, nimemsimulia fundi cherehani, nimemsimulia hata mama wa nyanya ambaye hatujuani vizuri. Sasa zamu yenu.

Shangazi Sabina ni dada yake Baba mdogo Ogada, na ni dada yake marehemu baba yangu. Anakaa Dar. Kila harusi ya ukoo wetu anapanda basi anakuja Mwanza, na akishuka tu, ameshakuwa mwenyekiti. Hakuna aliyemchagua. Anaweka mkoba mezani, anauliza, "Nani kasema tupike pilau?" na kuanzia hapo hata mwenye harusi anaomba ruhusa ya kwenda kuoga. Wote tunamwita Shangazi, mpaka wajukuu zake, maana ukimwita bibi hakusemeshi siku nzima.

Safari hii alikuwa anaolewa Rebeka, binti wa Baba mdogo Ogada. Anaolewa na Luhende, kijana wa Mkolani, Msukuma mmoja mpole hivi, anacheka hata ukimkanyaga. Na mtu ambaye harusi hiyo ilimhusu kuliko wote, kuliko hata bibi harusi mwenyewe, alikuwa Faith.

Faith ni binti wa dada yangu Anyango, ana miaka kumi. Siku Rebeka anachumbiwa alimshika kidevu akamwambia, "Wewe ndiye utanitangulia na maua." Kwa mtu mzima hilo ni neno la kupita. Kwa Faith ilikuwa kama kaambiwa atarithi nyumba. Kila jioni pale Pasiansi, dada yangu akianua dagaa wake, Faith alikuwa anatembea mchangani na beseni tupu: hatua, simama, tupa ua, hatua, simama. Nyuma yake mdogo wake Kevin, miaka minane, ndiye bibi harusi, amejifunika chandarua, analalamika kwamba anachoka kuolewa kila siku. Dada akamshonea Faith gauni la rangi ya krimu lenye mkanda wa kufunga mgongoni. Dada yangu huyo mwenyewe hajashona nguo mpya sijui tangu lini.

Basi Jumatano Shangazi akashuka, yuko na wajukuu zake wawili: Evelina wa miaka sita, na Obedi ambaye hata kutembea bado. Jioni, sebuleni kwa Baba mdogo, ukoo mzima umekaa, akasema mtoto wa maua avae amuone. Faith akavaa. Akaanza kutembea kutoka mlangoni, hatua, simama. Yaani aliipatia mpaka machozi yakanilenga.

Shangazi akaweka kikombe chini.

"Huyu nani kamchagua?"

"Mimi, Shangazi," Rebeka akasema kwa sauti ndogo.

"Mrefu kama mlingoti wa bendera! Atakuziba kwenye picha. Na hiyo miguu, makovu matupu, kama katoka vitani. Evelina, njoo mjukuu wangu. Faith, nenda kavue."

"Nivue nini?"

"Gauni. Au unataka nivue langu?"

Watu wakacheka. Mtoto kasimama katikati ya sebule, watu wazima wanacheka! Faith akaingia chumbani, akarudi na gauni limekunjwa vizuri, akampa kwa mikono miwili kama alivyofundishwa. Kesho yake fundi akalikata chini, akalibana kiunoni, likawa la Evelina. Pale sebuleni dada yangu alikuwa anaangalia sakafu. Mimi nikafungua mdomo, Shangazi akanigeukia hapo hapo: "Na wewe Dorcas na diploma yako ya maendeleo ya jamii, tafuta kwanza jamii ya kukuoa." Wakacheka tena. Rebeka anaangalia kucha zake.

"Faith atakaa na watoto siku ya harusi," Shangazi akamaliza. "Hiyo si kazi ya kupigwa picha."

Na kweli, kuanzia hiyo Jumatano Faith ndiye alikuwa yaya wa ukoo. Obedi hakushuka mgongoni kwake. Bibi yake mwenyewe, nakuapia, sijamuona hata mara moja amembeba. Alikuwa anapita, anambonyeza shavu, "Simba wangu!" halafu anaendelea kugombana na wapishi. Mama wa Obedi alibaki Dar kazini. Kwa hiyo mtu aliyemjua Obedi usoni kwa karibu alikuwa Faith, akifuatiwa na Kevin.

Lishikeni hilo, maana ndilo lililommaliza Shangazi.

Sasa ukoo wetu una jambo lake. Wengine wanakata keki, na sisi tunakata, lakini bila jambo hili wazee hawaondoki. Bibi harusi akishakaa meza kuu, anapakatishwa mtoto wa kiume kutoka upande wa kwao, ili naye aanze na wa kiume. Mtoto anavalishwa suti, lakini chini anafungwa nepi ya kitambaa cheupe yenye pini, siyo pampasi. Mama mkwe anakuja mbele ya watu, anafungua pini, anachungulia, akishaona ni dume anapiga kigelegele, na ukumbi mzima unapokea. Ndio muhuri huo. Mtoto akipakatwa, wazee wanasema, ukoo umepakatwa.

Shangazi akamchagua nani? Obedi. Evelina na maua, Obedi na suti, yeye mwenyewe na gauni la kubana lenye mkia kama wa samaki sato na kilemba kirefu kama mnara. Harusi ya Rebeka hiyo, eti.

Sherehe ilianza mchana. Nyuma ya ukumbi kuna stoo ya mwenye ukumbi, ambaye ana mitumbwi pia, kwa hiyo mle ndani kuna viti vilivyovunjika, makreti ya soda na nyavu za dagaa. Humo ndimo walifungiwa Faith na Kevin na watoto wachanga sita. Akina mama walikuwa wanafika mlangoni, wanamkabidhi Faith mtoto kama wanaweka mwavuli, wanakimbilia muziki. Hakuna aliyeuliza kama hao wawili wamekula.

Mimi nikachukua sahani mbili za pilau, nikawapelekea. Nikasukuma mlango, nikabaki mdomo wazi.

Kevin alikuwa ametundika wavu kwenye boriti, pande mbili, kwa mafundo aliyofundishwa na baba yake ziwani, na ndani ya wavu wamelala watoto watatu, mmoja baada ya mwingine, kama mavuno ya asubuhi. Anawabembeza kwa kamba aliyoifunga kwenye kidole gumba cha mguu, huku mikono yote miwili inapiga debe tupu kama ngoma, kumtuliza mtoto wa nne aliyekaa ndani ya kreti. Wa tano yuko mgongoni kwa Faith.

"Kevin! Wakianguka?"

"Hawaanguki, mamdogo. Wavu huu unabeba dagaa wa usiku mzima. Hawa hata hawarukiruki."

"Na mbona wananuka dagaa?"

"Wanapenda. Yule alikuwa analia, kanusa, kalala."

Wa sita alikuwa juu ya meza, na Faith alikuwa anamvalisha. Suti nyeusi ndogo, shati jeupe, tai nyekundu, na kofia ya duara imeshuka mpaka kwenye nyusi. Kapendeza! Nikasogea nimbusu Obedi. Nikamtazama. Nikamtazama vizuri. Nikageuka nikaangalia kwenye wavu, na pale katikati, kavaa kigauni cha maua maua, mdomo wazi, anakoroma, nani? Obedi.

"Faith," nikasema, "huyu uliyemvalisha ni Odeta."

Odeta ni wa jirani yetu wa Pasiansi ambaye pia ni binamu yetu. Msichana. Kanyolewa kipara juzi juzi, na Obedi kipara, mashavu hayo hayo.

Faith akafunga pini ya nepi, taratibu, asimchome mtoto. Hakuniangalia.

"Usiseme, mamdogo."

"Mama mkwe atafungua mbele ya watu wote!"

"Najua."

"Utaharibu harusi ya Rebeka."

"Siharibu harusi. Odeta ni mzuri, si atakaa tu? Nataka Shangazi asimame mbele ya watu, watu wamcheke, halafu hakuna wa kumtetea. Basi. Mara moja tu, kama mimi."

Mimi ni mtu mzima, nimesoma, nimefanya mafunzo ya vitendo ofisi ya ustawi wa jamii. Nilijua cha kufanya. Nikaweka sahani chini, nikamwambia, "Mimi nimeleta pilau tu, sijaona kitu," nikatoka, nikafunga mlango, nikaenda kutafuta kiti cha mbele kabisa. Simu nikaijaza chaji kwenye waya wa fundi muziki.

Maharusi wakaingia. Evelina mbele na gauni la Faith. Masikini mtoto wa watu, hakuna aliyemfundisha. Alimwaga maua yote pale pale mlangoni kama anamwagia kuku mahindi, akakimbia kwa bibi yake. Simlaumu. Lakini nilisikia raha, siwezi kudanganya.

Halafu emsii akashika kipaza sauti. "Wanaukumbi! Wakati umefika! Anakuja kijana, anakuja mrithi, anakuja simba wa ukoo wa Ogada! Mama Sabina, tuletee dume!"

Shangazi kwa haraka zake akaenda mwenyewe stoo. Faith akampokeza mtoto mlangoni. Shangazi hakumtazama; alikuwa anamwangalia mpiga picha kama yuko tayari. Akaingia ukumbini na wimbo, anacheza, mkia wa gauni unafagia, mtoto kamwinua juu, kofia imefunika macho. Odeta wa watu, tabia njema, anacheka na kila mtu. Mama yake Odeta alikuwa amekaa meza ya nyuma, anapiga vigelegele kwa nguvu, hajui anampigia mwanae.

Mtoto akapakatishwa Rebeka. Mama Luhende, mama mkwe, akainuka. Mama mmoja mnene, mtulivu, mtu wa shamba na ng'ombe, anatembea kama ana siku nzima. Akapiga magoti mbele ya Rebeka, akafungua pini. Akachungulia.

Akafunika.

Akachungulia tena. Akafunika, akafunga pini. Tumekaa tunasubiri kigelegele, wengine wameshafungua midomo. Mama Luhende akaomba kipaza sauti.

"Samahani, huyu kijana jina lake nani?"

"Obedi!" Shangazi akajibu kwa kishindo. "Mjukuu wangu!"

"Ahaa. Basi mjukuu wako Obedi ni msichana."

Jamani! Jamani! Kwanza watu wakatazamana. Halafu mzee mmoja nyuma akasema "Eeh?" halafu ukumbi ukapasuka. Shangazi akaruka, akavua ile kofia, akaangalia, akageuza mtoto huku na huku kama anatafuta bei yake. Na hapo ndipo alipojimaliza, maana alimpokonya Mama Luhende kipaza sauti, kikiwa kinawaka.

"Wamenibadilishia mjukuu! Mtoeni huyu wa kike hapa, haraka! Mkosi! Mnataka harusi ianze na mkosi?"

Huko nyuma mama yake Odeta akasimama. "We Sabina, mwanangu ni mkosi?" Lakini hakuhitaji kuendelea. Mama Luhende alikuwa ameshamwangalia Shangazi kwa muda, bila hasira, kama mtu anayepima mbegu. Akageukia meza za upande wa bwana harusi.

"Luhende ni mtoto wangu wa mwisho," akasema, na hakuhitaji kipaza sauti. "Kabla yake nilizaa hawa. Hebu simameni, mama."

Wakasimama. Dada watano! Warefu, wanene, wamevaa kitenge cha aina moja, wamesimama kama ukuta.

"Mkwe wangu, nionyeshe. Mkosi ni yupi hapo?"

Nilikuwa narekodi. Shangazi akafungua mdomo, akafunga, akafungua. Sato kabisa, mkia mpaka mdomo. Mmoja wa wale dada akauliza kwa upole, "Ni mimi, mama? Niende nje?" na upande wa Mkolani wote wakaangua kicheko, upande wetu nao wakaangua, Baba mdogo Ogada kafunika uso na leso mabega yanacheza. Shangazi alitafuta mtu wa kumtetea. Alizungusha macho ukumbi mzima. Macho yakafika kwangu, nikampungia mkono.

"Ni wale watoto!" akapiga kelele. "Wale watoto wanaolea! Nitawachapa!"

"Waje," Mama Luhende akasema.

Faith akaja. Fulana ya zamani, kanga imefunga mtoto mgongoni, miguu na makovu yake. Alitembea kutoka mlangoni mpaka meza kuu watu wakimtazama, na nawaambia, hakutetemeka. Kichwa juu.

"Mwanangu, ulikosea?" Mama Luhende akamuuliza.

"Hapana. Nilifanya makusudi."

"Mmh! Kwa nini?"

"Gauni alilovaa Evelina ni langu. Mama alinishonea. Mamdogo Rebeka aliniahidi maua, halafu Shangazi akanivua watu wanacheka, na mamdogo akanyamaza."

Mama Luhende akamgeukia Rebeka.

"Kweli?"

Rebeka alikuwa amempakata Odeta, tai imekaa upande, machozi yanaharibu yale marangi ya usoni. "Kweli, mama." Halafu akamwambia Faith, "Nisamehe. Njoo. Tunaenda kukata keki sasa hivi, nitangulie wewe."

Hapo mimi nikajua yameisha. Mtoto kapata alichotaka, atalia, atamkumbatia, tutapiga makofi. Hamumjui Faith.

"Siwezi," akasema. "Watoto nitamwachia nani? Kevin yuko peke yake."

"Nitatafuta mtu..."

"Akakae Shangazi."

Mnasikia? Mbele ya koo mbili! "Akakae Shangazi, nikimaliza nitampokea." Watu wakaguna. Shangazi akamtafuta Baba mdogo Ogada kwa macho, kaka yake wa damu, amwokoe. Baba mdogo akakunja leso, akaiweka mfukoni.

"Dada," akasema, "hata Obedi wako hujui alipo. Nenda kamtafute."

Akaenda. Na mkia wake. Lakini kabla hajatoka, Faith alifungua kanga pale pale, akamkabidhi na yule wa mgongoni.

Nilimfuata, lazima nione. Kevin alimpokea mlangoni kama mwenyekiti anavyokabidhi ofisi. "Shangazi, huyu wa kwenye kreti ukiacha kumpigia debe anatapika. Wavu usiache kubembea, wakiamka wanaamka wote. Yule Obedi kajisaidia, tulikuwa tunakusubiri." Akavua kamba kwenye kidole chake cha mguu, akatafuta pa kuifunga, akaangalia kile kiatu cha Shangazi cha kisigino kirefu, akamfunga mkononi. Kisha akanishika mkono tukaondoka. Nyuma yetu alianza mmoja kulia, halafu wa pili, halafu wavu wote.

"Dorcas!" Shangazi akaita. "Dorcas mwanangu, njoo unisaidie!"

Leo ni mwanangu. Nikamwambia natafuta jamii ya kunioa, nikarudi ukumbini.

Faith akatembea. Hakukuwa na gauni, hakukuwa na maua, yalishamwagwa yote mlangoni. Alishika mikono mbele ya tumbo, hatua, simama, hatua, simama, Rebeka nyuma yake, kilemba cha dada yangu Anyango kikionekana kwenye dirisha la jikoni alikowekwa kupika, kinaruka ruka. Wale dada watano wakampokea kwa vigelegele kama yeye ndiye kaolewa. Keki ikakatwa. Kipande cha kwanza Luhende akampa Rebeka, cha pili Rebeka akampa Faith, na Faith akakitafuna taratibu, anaangalia kila aliyekuwepo sebuleni ile Jumatano, mmoja mmoja. Nilipofikiwa mimi nikaacha kutafuna kwanza.

Zikafika picha za ukoo. Mpiga picha akatupanga ngazini nje, ziwa nyuma yetu, warefu nyuma, wafupi mbele. Emsii akatangaza, "Tunamsubiri shangazi wa bibi harusi! Picha hii ndiyo itatundikwa ukutani! Shangazi yuko wapi?"

"Nitamwita," Faith akasema kabla mtu mwingine hajainuka.

Akakimbia mpaka stoo. Kutoka ngazini mlango unaonekana. Akafungua, akasimama pale akiangalia ndani kwa muda kidogo. Vilio vilitoka, na sauti ya Shangazi inasema, "Mwanangu! Faith mama! Njoo ushike hata mmoja, wanapiga picha!" Nilisikia mimi, kwa sababu nilikuwa pembeni. Faith akaufunga mlango. Aliufunga taratibu, kama watu wanavyofunga mlango wa chumba alicholala mtoto. Akarudi, akapanda ngazi, akasimama mbele kabisa, katikati, karibu na Rebeka.

"Amesema msimsubiri."

"Kweli?" Baba mdogo akauliza, akamgeukia Kevin. "Na wewe umesikia?"

"Nimesikia," Kevin akasema. Alikuwa na keki mdomoni na hakutoka hapo ngazini hata hatua moja. "Amesema wapige tu, yeye hapendi picha."

Mpiga picha akahesabu.